Uru ya Kumi na Tatu

Kikapu changu kina maua 13, na hakuna hata moja lililo ua. Ni uru, kama zile za kwenye karata, za zambarau iliyokolea juu ya milulu yenye rangi ya majani makavu, zimejipanga mkanda mmoja kuzunguka tumbo la kikapu. Lakini nilipomuuliza mama aliyekisuka yale ni nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la maji.

"Maua," akasema.

Nilikinunua Ilula. Anayeijua barabara ya Iringa anaijua Ilula hata kama hajawahi kushuka hapo. Umepita Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, umepanda Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa, masikio yameziba yakazibuka, hewa imepoa, mara unakutana na nyanya. Nyanya kwenye ndoo, nyanya kwenye sado, nyanya kwenye matenga ya fito na mianzi yanayongoja gari la Dar es Salaam. (Sado, kwa msomaji aliyesahau, lilikuwa kopo la rangi ya nyumba kabla halijawa kipimo cha sokoni. Nalitaja kwa sababu habari hii ni ya rangi pia.) Tenga nalo ni kitu kilichosukwa, na ukilitazama vizuri lina akili yake: mianya mipana ili nyanya zipumue, kitako kinachovumilia kurushwa. Ila ni kazi ya haraka, ya safari moja au mbili. Hakuna anayelisukia tenga maua.

Mama huyo alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya sado tatu za nyanya, na kati ya mteja mmoja na mwingine mikono yake ilikuwa kwenye kazi nyingine. "Kamwene, mama," nikamwambia, kwa Kihehe changu kinachoishia hapo hapo. "Kamwene," akaitikia, kisha akahamia Kiswahili kwa huruma. Kikapu cha mapajani kilikuwa bado kitako tu, duara lenye ukubwa wa sahani, milulu imetawanyika pande zote kama miale. Kilichokwisha kilikuwa pembeni yake, na ndicho nilichoondoka nacho.

Kimekaa mezani kwangu miezi minane sasa. Juu ya meza hiyo, ukutani, kuna postikadi niliyopewa na rafiki aliyesoma ng'ambo: miraba minne ya manjano, mmoja ndani ya mwingine, wa ndani kabisa umeng'aa kama ndani ya embe. Basi. Hakuna mtu, hakuna mti, hakuna jua. Wageni huiuliza ile postikadi maswali ambayo hawakiulizi kikapu. Mjomba wangu alidhani ni tangazo la kampuni ya simu. Mwingine alitaka kujua mchoraji alishindwa wapi. Swali la wote huwa moja: inamaanisha nini? Na hao hao hukichukua kikapu, wakakizungusha mikononi, wakasema kizuri, wakaweka funguo zao ndani.

Mchoraji wa postikadi ni Josef Albers, Mjerumani, mtoto wa fundi wa kupaka rangi nyumba. Alizaliwa 1888 katika mji wa Bottrop, akafundisha kwenye shule ya sanaa na ufundi ya Bauhaus mpaka ilipofungwa 1933 Wanazi walipoibana, akahamia Marekani. Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 62, wakati wengi huanza kuhesabu siku za pensheni, alianza mfululizo wa michoro ambao jina lake ni kama kusema Heshima kwa Mraba. Aliendelea nao mpaka alipofariki 1976, na akaacha zaidi ya michoro 1,000, yote ya miraba mitatu au minne iliyokaa mmoja ndani ya mwingine. Mingine ni mikubwa, upande wake unazidi mita moja. Mingine ni midogo, ya kubeba kwapani, na kwa macho yangu hiyo midogo ndiyo yenye nguvu, kwa sababu inakulazimisha kuisogelea kama unavyosogelea mtu anayeongea kwa sauti ya chini.

Jinsi alivyofanya kazi ingemfurahisha fundi yeyote wa Mafinga. Hakutumia turubai. Alichukua hadibodi, akaipaka msingi mweupe tabaka juu ya tabaka, akapima mistari yake kwa penseli, kisha akapaka rangi moja kwa moja kutoka kwenye tyubu, bila kuichanganya, kwa kisu bapa, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Alianza na mraba wa ndani akatoka nje. Alisema hivyo ndivyo baba yake alivyomfundisha kupaka mlango: ukianza katikati, rangi inayodondoka unaikuta mbele yako, na mikono ya shati haichafuki. Alipomaliza aliandika nyuma ya ubao jina la kila rangi na kiwanda chake.

Na miraba yenyewe haikukaa katikati. Hili lilinichukua wiki nyingi kuliona, na nilipoliona nilicheka peke yangu. Yote imeshuka. Nafasi ya chini ikiwa moja, za kila upande ni mbili, ya juu ni tatu. Ndiyo maana mchoro wa Albers hautulii kama shabaha ya bunduki. Una uzito, umekaa chini kama mtungi. Nikageukia kikapu nikakipima kwa rula. Mkanda wa uru nao haukuwa katikati. Mama wa Ilula aliushusha vidole viwili chini ya nusu, pale tumbo lilipo pana zaidi.

Sisemi mmoja alimwiga mwenzake. Ila inafaa kukumbuka kwamba Albers mwenyewe alijua ni akina nani waliomtangulia. Kuanzia 1935 yeye na mkewe Anni walisafiri Mexico mara kwa mara, na huko alikuta kwenye magofu na kuta za nyumba za matofali ya udongo kile ambacho wenzake wa Ulaya walidhani wamekibuni wao. Anni alifika mbali zaidi, na kwa haki kabisa, kwa sababu yeye alikuwa mfumaji. Alipoingia Bauhaus 1922 wanawake walisukumwa kwenye karakana ya ufumaji, watake wasitake, na yeye hakuutaka. Baadaye, mwaka 1949, akawa msanii wa kwanza wa nguo za kufuma kupewa onyesho la peke yake kwenye jumba la Museum of Modern Art la New York. Kitabu chake kuhusu ufumaji kilichotoka 1965 alikitunukia wafumaji wa kale wa Peru, watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, akawaita walimu wake. Huwa najiuliza angemwambia nini mama wa kwenye kigoda. Pengine asingesema chochote. Angevuta kigoda kingine.

Huku kwetu, miaka hiyo hiyo, uchoraji ulikuwa umeshika njia nyingine. Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere na kisha Slade jijini London, na ambaye baada ya Uhuru alikuwa balozi wetu huko huko London, alichora watu wakifanya mambo: wanalima, wanavuna, wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mchoro huo wa mwisho, wa 1956, uko kwenye jumba lile lile la New York lililomwonyesha Anni. Zaidi ya miaka kumi baadaye, Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alichukua rangi za mafuta za dukani na vipande vya mraba vya hadibodi, ubao ule ule wa Albers, akavijaza ndege na chui na tembo. Tingatinga aliuawa 1972, Albers akiwa bado hai na bado anapaka miraba yake. Ninawapenda wote wawili, Ntiro na Tingatinga. Lakini ukitafuta kwa wachoraji wetu wa wakati ule mtu aliyeacha hadithi kabisa akabaki na umbo, rangi na idadi, utatafuta sana. Kazi hiyo ilikuwa inafanyika, ila kwenye vigoda, mikononi mwa akina mama, na ilikuwa inabeba unga.

Sasa ufundi wenyewe, maana bila huo haya yote ni maneno.

Milulu ni majani marefu ya mabondeni, kwenye majimaji, kule kule watu wa Iringa wanakolima vinyungu. Hukatwa, huanikwa mpaka ipoteze ukijani, na siku ya kusuka huloweshwa kidogo ili ipindike bila kuvunjika. Inayotakiwa kuwa na rangi huchemshwa na rangi. Kisha inagawanyika kwa kazi: iko inayosimama, ambayo ndiyo mifupa ya kikapu, na iko inayozunguka. Inayozunguka huenda miwili miwili. Mmoja unapita mbele ya mlulu uliosimama, mwenzake anapita nyuma, halafu inapinduliwa, aliyekuwa mbele anakwenda nyuma, na kuendelea. Inaubana ule uliosimama kama vidole viwili vinavyoshika sindano. Kadiri kikapu kinavyopanuka milulu mipya ya kusimama inachomekwa, na ukuta ukianza kupanda hakichomekwi kitu tena. Idadi imefungwa.

Hapo kwenye idadi ndipo nilipokwama na kupendezwa. Nilitaka kuelewa ua linatokea wapi, nikafanya jaribio la kitoto jikoni: nilichomeka vijiti 12 vya mishikaki kwa duara kwenye kipande cha boga, nikachukua kamba mbili, moja nyeupe na moja nyekundu, nikaanza kuzungusha. Nyekundu mbele, nyeupe mbele, nyekundu, nyeupe. Nilipomaliza mzunguko wa kwanza na kurudi kwenye kijiti cha kwanza, nyekundu ikaangukia juu ya nyekundu. Mzunguko wa tatu hivyo hivyo. Ikajengeka mistari ya wima, imesimama kama uzio. Nikaifumua, nikachomeka kijiti cha 13, nikarudia. Safari hii mzunguko ulipofika mwanzo, nyeupe ikaangukia juu ya nyekundu, na mzunguko uliofuata nyekundu juu ya nyeupe. Uzio ukageuka kuwa ubao wa drafti. Sikubadilisha kitu kingine chochote. Mkono ule ule, kamba zile zile, kijiti kimoja tu.

Kwa maneno mengine, ua la kikapu haliwekwi juu ya kikapu. Mchoraji akikosea rangi anaweza kuikwangua, na Albers alikuwa na kisu mkononi tayari. Msusi ameshaamua mambo mengi kabla hajafika kwenye ua, pale alipokuwa anachomeka milulu kwenye kitako, ikiwa shufwa au witiri. Na akitaka kutoka kwenye uzio na drafti, akitaka uru, inambidi avunje zamu kwa makusudi: badala ya kupindua mara moja kati ya mlulu na mlulu, anapindua mara mbili, na rangi iliyokuwa mbele inarudi mbele. Pindua mbili, pindua mbili, pindua moja. Mstari huu zambarau ziwe mbili, unaofuata nne, unaofuata sita. Hakuna penseli. Hakuna karatasi ya miraba. Na yote haya akimrudishia mteja chenji.

Kuna jambo jingine ambalo kikapu kinalo na postikadi haina. Tazama ndani. Kwa kuwa milulu inakwenda miwili, mmoja ukiwa mbele mwenzake lazima yuko nyuma, kila uru ya zambarau ya nje ni uru ya rangi ya majani makavu ndani, na uwanja wa majani makavu wa nje ni zambarau ndani. Picha mbili kwa kazi moja, ya pili imegeuzwa, na anayeiona ni yule tu anayekuja kuchota. Albers aliandika maelezo yake nyuma ya ubao. Mama wa Ilula hakuwa na haja ya kuandika, kwa sababu nyuma ya kazi yake ni kazi yenyewe.

Nirudi kwenye lile swali la wageni. Iringa mjini niliwahi kuonyeshwa kikapu chenye mistari ya kupanda na kushuka, muuzaji akaniambia ule ni Mto Ruaha. Duka la pili, mistari ile ile ilikuwa milima. La tatu, njia aliyopita Chifu Mkwawa wa Wahehe. Siwalaumu, mgeni hupenda kununua hadithi na kikapu kwa bei moja, na karatasi ndogo iliyofungwa kwa uzi huongeza bei. Lakini hadithi hizo hunikera, kwa sababu zinamwondoa mtu kwenye kitu kilicho mbele yake. Akishaambiwa ni mto hatazami tena, ameshaelewa. Na wapinda mgongo waliokaa kuhesabu wanageuzwa watu wanaochora mto vibaya.

Kiswahili kina busara zaidi kuliko karatasi zile. Sisi tunasema maua. Kanga ina maua, mkeka una maua, pazia la dirishani lina maua, sahani ya bati ina maua, na mara nyingi hakuna petali hata moja. Ua, tunapolisema hivyo, ni pale kitu kilipozidi kazi yake kidogo. Si picha ya kitu fulani. Watu wa makumbusho walihitaji karne nzima na mabishano mengi kulikubali jambo hili, na bado mjomba wangu anauliza. Angeambiwa tu kwamba Albers anatia maua, angeelewa tangu siku ile, akanywa chai yake.

Nilihesabu kikapu changu usiku mmoja umeme ulipokatika, kwa tochi ya simu na sindano. Milulu ya kusimama ni 154. Kila uru, katika mstari wake mpana, imechukua milulu 12. Na hapo nikaona jambo ambalo macho yalikuwa yamelipita kwa miezi: 12 haiingii kwenye 154. Uru 12 zinakula 144, zinabaki 10. Nikakizungusha kikapu, nikaitafuta ya 13, nikaipata upande ambao siku zote nilikuwa nimeugeuzia ukutani. Ni nyembamba kuliko wenzake. Zambarau mbili, nne, sita, nane, kumi, kisha haiendi 12. Inakaa kwenye kumi mistari mitatu mfululizo, halafu inaanza kushuka. Uru ya kawaida ina mistari 11. Hii nayo ina mistari 11. Amebana upana lakini hakuruhusu urefu upungue, ili kichwa chake kifike pale pale vilipofika vichwa vya wenzake na mkanda usiyumbe. Pembeni imekuwa butu kidogo, kama mtu aliyejibana kwenye kiti cha daladala bila kulalamika.

Nilidhani nimegundua kosa. Halafu nikadhani nimegundua falsafa, ile ya mafundi wanaoacha dosari kwa makusudi, ambayo watu huisimulia kuhusu kila ufundi duniani. Kwa hiyo safari iliyofuata nilishuka Ilula na kikapu mkononi.

Alikuwepo, kigoda kile kile, sado nne safari hii. Nilimwonyesha, nikamweleza habari ya 154 na 12, na nadhani niliongea sana. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayekusimulia ndoto. Kisha akakichukua, akakizungusha mara moja tu, akaifikia ile uru bila kuitafuta. Kidole gumba chake kikashuka chini yake, kwenye mizunguko ya chini kabisa ya ukuta, kikasimama juu ya vinundu viwili vidogo vilivyokaa pamoja. Nilikuwa nimeviona. Nilidhani ni ugumu wa milulu.

"Yalikuwa yanaenea yote sawasawa," akasema. "Milulu miwili ikakatika. Nikaitoa."

Akanirudishia kikapu, akaniuliza nawekewa sado moja au mbili.